Jozi Tatu za Spika Katika Chumba Kimoja cha Nairobi: Ipi ya Kuchanganyia Muziki na Kusikilizia Nyumbani?

Mtu anayerekodi na kuchanganya muziki (yaani kusawazisha sauti za waimbaji na ala ziwe wimbo mmoja) nyumbani hapa Nairobi kwa kawaida ana chumba kimoja tu, na humo ndimo anamofanyia kazi mchana, anamosikilizia muziki jioni na pengine anamolala usiku. Hana nafasi ya kuweka jozi moja ya spika kwa ajili ya kazi na nyingine kwa ajili ya starehe, na hata angekuwa na nafasi, mfuko haumruhusu. Swali lake kila aingiapo dukani ni lile lile: ni spika ipi itakayomwambia ukweli anapochanganya, na bado impe raha anapoketi kusikiliza? Makala haya yanalinganisha jozi tatu ambazo mnunuzi wa jiji hili hukutana nazo mara nyingi, yaani Yamaha HS5, KRK Rokit 5 ya kizazi cha nne na JBL 305P MkII. Zote zina amplifaya ndani yake, na zote zina koni ya inchi tano. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji aipime anapoendelea. Kwa mwenye chumba kimoja na jozi moja, naichagua JBL. Kwa anayechanganya sauti za waimbaji karibu kila siku na kusikiliza kwa starehe mara chache, naichagua Yamaha. Na kwa wote wawili nasema kwamba kinachostahili kuamua ununuzi ni jinsi spika inavyoitoa sauti ya mwanadamu ikiwa imefunguliwa kidogo, si wingi wa besi yake.

Naanza na besi kwa sababu masikio ya wengi wetu yamelelewa na wufa. Wufa ya sebuleni, lile sanduku kubwa la besi lenye spika ndogo pembeni, na vilevile mitambo ya muziki ya matatu zetu, imetengenezwa ili kufurahisha, na kazi hiyo huifanya vizuri sana. Besi huinuliwa, sauti nyembamba za juu huinuliwa, na eneo la kati, ambamo maneno ya wimbo na magitaa hukaa, huachwa nyuma. Anayechanganya wimbo kwa chombo cha aina hiyo huisikia besi kuwa nyingi akaipunguza, humsikia mwimbaji yuko mbali akampandisha, na wimbo huo ukija kuchezwa kwenye simu au redio ya gari hutoka mkavu, hauna kiuno, na mwimbaji anasikika kama aliyesimama mbele ya ala badala ya kuimba nazo. Mchanganyaji huyo amekuwa akisahihisha makosa ya spika akidhani ni makosa ya wimbo.

Historia ya spika moja mashuhuri inaeleza jambo hili vizuri. Mwaka wa 1978 Yamaha ilitoa spika iliyoitwa NS-10, yenye koni nyeupe na sanduku lililofungwa kabisa bila tundu la hewa. Ilikusudiwa watu wa kawaida wanaosikiliza muziki majumbani, na watu hao hawakuipenda, kwa kuwa ilikuwa na besi chache na sauti za kati zilizojitokeza mno. Wahandisi wa studio wakaichukua kwa sababu hizo hizo. Kasoro ya wimbo ilikuwa haijifichi ndani yake, na wimbo uliosikika vizuri kupitia NS-10 ulisikika vizuri karibu kila mahali. Wengine walibandika karatasi ya shashi mbele ya twita, yaani kispika kidogo cha sauti za juu, ili kupunguza ukali wake. Utengenezaji wake ulikoma mwaka wa 2001, na mwaka wa 2008 Yamaha ilitunukiwa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa ajili ya spika hiyo, ile ile iliyokataliwa sebuleni. Koni nyeupe ya HS5 ya leo ni ukumbusho wa ukoo huo, ingawa kwa ndani hizi ni spika tofauti kabisa.

Jozi zote tatu nilizisikiliza katika chumba kimoja chenye urefu wa mita 3.6, upana wa mita 3 na dari ya mita 2.7, katika nyumba ya ghorofa iliyojengwa kwa mawe ya kuchonga na kuwekwa sakafu ya vigae. Wapangaji wengi wa jiji hili wanakijua chumba cha namna hiyo, ambamo ukipiga kofi moja unasikia mlio wake ukirudi kutoka ukutani. Mbili kati ya jozi hizo niliazimwa na marafiki wanaofanya kazi ya kurekodi. Kila jozi niliiweka mahali pale pale, twita ikiwa sawa na sikio, umbali kati ya spika na spika ukilingana na umbali wa kila spika hadi kichwani pangu, kisha nikasawazisha ukubwa wa sauti kwa kipimo cha desibeli kilicho kwenye simu. Kipimo cha simu si sahihi kwa thamani yenyewe, lakini chatosha kulinganisha spika moja na nyingine katika chumba kimoja. Hatua hii haifai kurukwa. Sikio la binadamu huiona sauti iliyo juu kidogo kuwa ndiyo bora, hata kama tofauti ni ya desibeli moja tu, na muuzaji hodari analijua hilo. Spika anayotaka uinunue ndiyo atakayoifungulia zaidi.

Kipande nilichokitegemea kuliko vyote kilikuwa rekodi ya kwaya iliyofanyiwa ukumbini, yenye sauti nne, kayamba na gitaa la besi. Niliandaa pia rekodi ya nyatiti, benga ya zamani yenye magitaa mawili yanayojibizana, na wimbo wa kisasa wa mjini wenye ngoma ya kompyuta.

Yamaha HS5 ndiyo iliyonipa kazi nyingi zaidi, na hiyo ni sifa. Katika rekodi ya kwaya, sauti ya pili ya akina mama, ambayo katika spika nyingi humezwa na ya kwanza, ilisikika ikiwa na mahali pake, na hapo hapo nikasikia kwamba mmoja wao alikuwa akichelewa kufunga neno mwishoni mwa kila mstari. Herufi "s" na "sh" zilizorekodiwa kwa ukali zilitoka na ukali wake wote. Katika nyatiti, mchezaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye ubao wa ala yake huku vidole vya mikono vikizicharaza nyuzi nane. Kupitia HS5 niliweza kulisikia gongo la pete likiwa peke yake, mlio wa uzi ukiwa peke yake, na hata pumzi ya mchezaji kabla ya kuanza kuimba. Anayetaka kuamua kama gongo hilo lipandishwe au lishushwe nusu desibeli anahitaji spika ya namna hii.

Upungufu wake uko chini. Kwa takwimu za Yamaha yenyewe, HS5 hushuka hadi hezi 54 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, na ikiwa ndogo sauti huwa nene), tena kwa kipimo ambacho hapo sauti tayari imepungua kwa desibeli kumi. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, una masafa ya hezi 41, na uzi unaofuata hezi 55. Hii ina maana kwamba kwa noti za chini kabisa hausikii msingi wake, bali unasikia sauti zake za juu za hezi 82 na kuendelea, na ubongo unaujaza msingi wenyewe. Kwa benga, ambamo besi hutembea na kuimba katika eneo la katikati, sikukosa kitu. Kwa wimbo wa kisasa wenye ngoma nzito, nilijua ngoma ipo lakini sikuweza kuamua uzito wake. Nikiwa nimeketi tu kusikiliza, baada ya muda nilichoka kidogo, si kwa sababu ya ubaya wa sauti, bali kwa sababu spika hii haiachi kunikumbusha makosa ya rekodi. Mtu aliyefanya kazi mchana kutwa na anayetaka kupumzika na albamu anayoipenda huenda asiufurahie ukumbusho huo. Nyuma yake kuna swichi ya kupunguza besi kwa desibeli mbili au nne pale spika inapokaa karibu na ukuta, na nyingine ya kuongeza au kupunguza sauti za juu kwa desibeli mbili. Kupunguza hizo desibeli mbili za juu kulinifaa nilipokuwa nasikiliza kwa starehe.

KRK Rokit 5 sitaizungumzia kwa urefu. Koni yake ya njano inajulikana katika studio nyingi za vijana jijini, tundu lake la hewa liko mbele, jambo linalosaidia pale spika inapolazimika kusogezwa ukutani, na kizazi cha nne, kilichotoka mwaka wa 2019, kina kioo kidogo nyuma cha kurekebishia sauti kwa mipangilio 25. Besi yake ni ya kupendeza, na anayetengeneza midundo atafurahi nayo. Katika chumba changu, hata hivyo, gitaa la besi la kwaya lilivimba likazifunika sauti za wanaume, nami nikawa napunguza kwenye mipangilio ya nyuma kile nilichokuwa nimekilipia. Kwa prodyuza ambaye tayari ameizoea na anajua wapi inaongeza chumvi, hakuna haja ya kuibadilisha. Kwa anayeanza leo, sioni sababu ya kuichagua mbele ya hizo nyingine mbili.

JBL 305P MkII, iliyotoka mwaka wa 2018, ndiyo niliyobaki nayo kwenye meza. Ukiitazama kwa mbele utaona twita imezama ndani ya umbo lenye mikunjo, kama mdomo uliochongwa, ambalo JBL ilianza kulitumia katika spika yake kubwa ya studio iitwayo M2. Umbo hilo lina kazi yake. Linaeneza sauti za juu kwa usawa pembeni, hivyo unapojisogeza kushoto au kulia, au unaposimama kuchukua kikombe cha chai, sauti haibadiliki rangi ghafla. Kwa anayechanganya, maana yake ni kwamba mwimbaji hubaki katikati hata kichwa kikisogea. Kwa familia iliyoketi kwenye makochi, maana yake ni kwamba hata aliyekaa pembeni naye anasikia muziki kamili. Kuna faida ya tatu ambayo haizungumzwi sana. Sauti inayogonga ukuta wa kando na kurudi inafanana na ile inayotoka moja kwa moja, na katika vyumba vyetu vya mawe, ambamo sehemu kubwa ya tunachosikia ni sauti iliyokwisha kugonga ukuta, mfanano huo unapunguza fujo kwa kiasi kinachosikika.

Kwa upande wa chini, takwimu zake zinaonyesha hezi 43 kwa kipimo kile kile cha kupungua kwa desibeli kumi, na tofauti kati ya 43 na 54 inasikika wazi. Ngoma ya wimbo wa kisasa ilikuwa na umbo, nikaweza kusema hii imezidi na hii imepungua. Magitaa ya benga yalijibizana moja kushoto na jingine kulia, na kati yao palikuwa na nafasi tupu ambayo mwimbaji aliingia na kusimama. Sauti ya pili ya kwaya ilisikika vizuri, ingawa si kwa uwazi ule wa Yamaha, na gongo la nyatiti lilikuwa limeungana kidogo na uzi. Hicho ndicho nilichokipoteza, na ni cha thamani kwa mchanganyaji. Nilichokipata ni spika ninayoweza kuisikiliza jioni nzima bila uchovu na kesho yake nikaifanyia kazi bila kuhisi inanidanganya.

Ina kasoro moja ambayo mnunuzi anapaswa kuijua kabla. Twita yake hutoa sauti ndogo ya upepo wakati hakuna muziki unaochezwa. Ukiwa umeketi umbali wa mita moja, mchana Nairobi ikiwa na shughuli zake, huisikii. Usiku wa manane, katika chumba ambamo spika iko karibu na kitanda, unaisikia, na anayelala chumba hicho hicho itambidi aizime kabla ya kulala. Kitasa cha ukubwa wa sauti na swichi zake vyote viko nyuma, kama ilivyo kwa HS5, hivyo utahitaji kuongoza sauti kutoka kwenye kompyuta au intafesi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta na spika. Hakuna hata moja kati ya jozi hizi tatu iliyo na bluetooth. Ukitaka kuunganisha simu, tafuta kebo yenye kichwa cha milimita 3.5 upande mmoja na vichwa viwili vya milimita 6.35 upande wa pili, ambayo mafundi wengi wa mjini huitengeneza papo hapo ukiwaeleza unachotaka.

Nje ya hizi tatu, Adam T5V, yenye twita ya utepe, inastahili kusikilizwa na yeyote aliye na nafasi hiyo, hasa kwa kuwa ina tundu za RCA, zile za duara za mitambo ya muziki ya nyumbani, ambazo anayesikiliza muziki nyumbani atazihitaji kwa santuri au redio ya zamani. Mwenye bajeti ndogo anaweza kuitazama PreSonus Eris E3.5, ambayo huuzwa kwa jozi na ina tundu la hedifoni mbele. Haishuki chini ya hezi 80, lakini kwa sauti ya mwimbaji na gitaa ni mwaminifu kuliko wufa yoyote ya bei yake.

Sasa kuhusu chumba, ambacho kwa maoni yangu kina sehemu kubwa zaidi katika matokeo kuliko jina lililoandikwa kwenye spika. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Wimbi ambalo nusu yake inatosha kati ya ukuta na ukuta hubaki humo likijirudia na kuvimba. Katika upana wa mita 3, wimbi hilo ni la hezi 57. Katika dari ya mita 2.7 ni la hezi 64 hivi, na katika urefu wa mita 3.6 ni la hezi 48 hivi. Hapo hapo, kati ya 48 na 64, ndipo ngoma kubwa na gitaa la besi hukaa. Kwa hiyo kuna noti zitakazonguruma na nyingine zitakazotoweka, na hakuna spika duniani inayoweza kulizuia jambo hilo. Chumba cha mraba, mita 3 kwa 3, kina hali mbaya zaidi kwa sababu pande mbili zinaivimbisha noti ile ile moja. Anayechagua kati ya vyumba viwili vya kupanga, na anajua atafanyia muziki humo, afadhali achague kile chenye urefu na upana usiolingana.

Kuna mambo yanayosaidia bila gharama. Weka meza kwenye ukuta mfupi ili spika zielekee upande mrefu wa chumba. Usikae katikati kabisa ya urefu wa chumba, kwa kuwa pale wimbi la kwanza hupotea na besi hutoweka, na katika chumba cha mita 3.6 kichwa kikiwa karibu mita 1.4 kutoka ukuta wa mbele utasikia uwiano ulio bora zaidi. Spika zisikae kwenye pembe. Mtu akutembezee kioo kwenye ukuta wa kando huku umeketi, na pale utakapoiona twita ndani ya kioo, hapo ndipo sauti inapogonga kabla ya kukufikia, na hapo ndipo pa kutundika kitu kizito. Nilipotandika zulia nene juu ya vigae na kulisimamisha godoro ukutani nyuma yangu, sauti ya pili ya kwaya ilijitokeza kwenye spika zote tatu, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya spika moja na nyingine.

Trei za mayai, ambazo zimebandikwa katika studio nyingi za mitaani, naomba ziachwe. Ni karatasi nyembamba, hupunguza kidogo sana sauti za juu na haziigusi besi hata kidogo. Robo ya wimbi la hezi 60 ina urefu wa mita moja na nusu kasoro kidogo, yaani takriban mita 1.43, na kitu chenye unene wa sentimita tano hakiwezi kulizuia wimbi la ukubwa huo. Fremu za mbao zilizojazwa pamba ya mawe (rockwool) yenye unene wa sentimita kumi au zaidi, zikafunikwa kwa kitambaa na kusimamishwa kwenye pembe za chumba, ndizo zinazofanya kazi inayoonekana, na seremala yeyote wa soko la Gikomba anaweza kuziunda ukimpa vipimo.

Ukubwa wa sauti nao ni sehemu ya uchaguzi. Tangu utafiti wa Fletcher na Munson wa mwaka wa 1933 inajulikana kwamba sikio husikia besi kidogo pale sauti inapokuwa chini, na kwamba uwiano hubadilika kadiri sauti inavyopanda. Anayechanganya akifungulia sana leo na kidogo kesho atafanya maamuzi mawili yanayopingana juu ya wimbo mmoja. Mimi hutumia karibu desibeli 75 kwa kazi na chini ya hapo kwa starehe, na nimeweka alama kwenye intafesi ili nirudi pale pale. Kiwango hicho ni salama pia: Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kikomo cha mtu mzima. Na majirani wapo. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka wa 2009 zinazopunguza kiwango kinachoruhusiwa usiku katika makazi, na hata pasipo kanuni hizo, mtu aliyelala upande wa pili wa ukuta wa inchi sita ana haki yake. Spika inayoeleweka ikiwa chini ni spika ya mpangaji, na katika hilo JBL na Yamaha zote zimefaulu.

Umeme wetu ni wa volti 240, na spika iliyoagizwa kutoka Japani au Marekani inaweza kuwa imetengenezewa volti 100 au 120. Soma maandishi ya nyuma kabla ya kuchomeka. Stima ikipotea, zima spika kabla haijarudi, na zichomeke kupitia gadi ya aina ile inayotumiwa kwa tivii na friji, inayosubiri umeme utulie. Unapowasha mitambo, spika ziwashwe mwisho, na unapozima ziwe za kwanza, ili mshtuko wa kompyuta na intafesi usizifikie koni. Kebo ziwe za XLR (kichwa cha pini tatu) au TRS (kichwa cha milimita 6.35 chenye pete mbili) pande zote mbili. Kebo ya kawaida ya gitaa itapitisha sauti, lakini katika majengo ambayo waya wa ardhi haukuwekwa vizuri itapitisha pia mvumo wa umeme.

Kwa kununua, Luthuli Avenue bado ni mahali pa kwanza pa kutembea kwa miguu na kuuliza bei, ingawa kelele za barabara hiyo haziruhusu kusikiliza kwa makini, na maduka ya ala za muziki yenye chumba tulivu ni bora kwa usikilizaji wenyewe. Nenda na nyimbo zako kwenye simu, zile unazozijua neno kwa neno, na uombe sauti ishushwe. Uliza waziwazi kama bei ni ya spika moja au ya jozi, kwa kuwa Yamaha, KRK na JBL nilizozitaja huuzwa moja moja, na nimewaona wanunuzi wakitoka wakiamini wamepata bei nzuri ya jozi kumbe wamelipia upande mmoja. Dukani, sikiliza spika zote mbili kila moja peke yake kwa wimbo ule ule. Zikitofautiana, iliyo na kasoro ni mojawapo, na ni rahisi kubadilishiwa kabla hujatoka mlangoni. Kwa spika zilizotumika Uingereza, ambazo zina volti inayokubaliana na yetu na plagi ile ile ya miguu mitatu, iguse koni kwa vidole viwili na uisukume taratibu pande zote kwa usawa. Ikikwaruza, iache. Ukingo wa sponji unaozunguka koni nao uukague, kwa maana sponji hiyo huoza na kuwa unga baada ya miaka mingi hata kama spika haikutumiwa.

Muuzaji atakapokushauri uongeze subwufa, yaani spika ya besi tupu, na karibu kila muuzaji hushauri, mjibu kwamba bado. Katika chumba cha mita 3.6, subwufa itaziamsha zile noti za hezi 48 na 57 kwa nguvu zaidi, na fedha hizo zitatosha kununua stendi mbili nzito, fremu za pamba ya mawe na hedifoni nzuri za kukagulia ngoma usiku. Atakayehamia kwenye chumba chenye urefu wa mita 5 au zaidi anaweza kulifikiria upya suala hilo, na aliyenunua 305P ataikuta subwufa ya inchi kumi ya JBL, LSR310S, iliyotengenezwa kwa ajili ya ukoo huo wa spika.